Baraza ya Wanafunzi Katika Simu: Nasaha kwa Anayetaka Kuijenga

Jioni moja ya mwezi wa Novemba, muhula ukiwa bado mchanga na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiwa bado wanaulizana njia ya kwenda maktaba, walinijia vijana wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wakaniamkia kwa adabu, wakaketi, na baada ya kujuliana hali wakafungua mbele yangu daftari lenye orodha ya mambo arobaini na moja. Walikuwa wameazimia kutengeneza mtandao wa kijamii wa simu kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vikuu, na orodha ile ilikuwa ni ya yote utakayoyafanya: picha, video, mazungumzo ya siri, kura, matangazo, soko la vitu vilivyotumika, ratiba, uchumba, habari za mpira, na mengine ambayo hata wao wenyewe walipoyasoma kwa sauti waliona haya kidogo. Nikawauliza swali moja tu: mtandao huu ukizimika Jumatatu asubuhi, ni mwanafunzi yupi atakayepata hasara kabla ya saa sita mchana, na ni hasara gani? Wakatazamana. Yule binti, ambaye nilimwona kuwa mwepesi zaidi wa kukiri, akasema, "Labda hakuna, mwalimu."

Jibu lile ndilo lililonitia kuandika makala hii, kwa kuwa najua wako vijana wengi kama hao, Dar es Salaam, Dodoma, Zanzibar, Nairobi na Kampala, wenye elimu ya kuandika programu na ghera ya kutosha, ambao upungufu wao si wa ufundi bali ni wa kuuanzia ufundi mahali pasipo na haja. Nami nimepata kuwa mmoja wao. Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki kuunda programu ya namna hii kwa chuo kimoja ambacho sitakitaja. Tukaipamba kwa kila pambo tulilolijua, ikapakuliwa kwa wingi juma la kwanza, na lilipofika juma la nne waliokuwa wakiandika humo walikuwa ni sisi watengenezaji, tukijibizana wenyewe kwa wenyewe kama watu waliobaki arusini baada ya wageni kwenda zao.

Nasaha yangu ya kwanza, basi, ni kwamba haja itafutwe kwa miguu kabla ya kutafutwa kwa kompyuta. Mtu akitwaa kiti akakaa siku tatu karibu na ubao wa matangazo wa kitivo, au kwenye kibanda cha kutolea nakala, mahali ambapo wanafunzi hupanga foleni kununua yale makaratasi ya masomo wanayoyaita madesa, atasikia kwa masikio yake mambo ambayo hakuna mkutano wa wabunifu utakaomfunulia. Atasikia kwamba somo la asubuhi lilihamishwa kutoka ukumbi huu kwenda ukumbi ule, na watu mia wakapanda kilima bure. Kwamba yuko anayetaka kuuza godoro na birika la umeme kabla ya chuo kufungwa, na yuko anayevitafuta vitu hivyo hivyo katika bweni la pili, nao hawajuani. Kwamba tarehe ya mwisho ya kujiandikisha kwa mtihani wa marudio ilibandikwa mahali ambapo aliyeihitaji hakupita. Kwamba majina ya wanaotakiwa kusaini bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, yametoka, na kila mmoja anamwuliza mwenzake kama ni kweli au ni uvumi. Kila jambo katika hayo lina mtu aliyeumia, saa aliyoumia, na kiasi alichopoteza. Chagua moja. Nasema moja, wala sisemi matatu, kwa sababu mtu hafungui programu mpya kwa ajili ya mambo mengi yenye manufaa madogo. Huifungua kwa ajili ya jambo moja ambalo akilikosa atajuta, na akishaizoea njia ya kuliendea hilo ndipo atakapoyaona na mengine.

Hapa mtu atanikatiza na kusema kuwa wanafunzi wanayo WhatsApp, nayo inawatosha. Insafu yanilazimu kukiri kwamba ana sehemu kubwa ya kweli, na ye yote anayejenga mtandao wa wanafunzi kwa nia ya kuwaondoa huko anajitwisha kazi ya kuhamisha bahari kwa kata. Lakini kundi la darasa, ambalo leo laweza kuchukua watu 1,024, lina mapengo yanayojulikana na kila aliyekaa ndani yake. Tangazo la kuhamishwa ukumbi huandikwa saa nne za usiku na kiongozi wa darasa, yule wanayemwita CR, na kufikia alfajiri limezikwa chini ya salamu, picha za kuchekesha na ubishi wa Simba na Yanga, hata anayelitafuta hana budi kuchimba. Aliyechelewa kuingia, kwa kawaida, hayaoni yaliyosemwa kabla yake. Na lililo zito kuliko yote, katika kundi la kawaida kila aliyemo huiona namba ya simu ya kila mwingine. Na mabinti wanajua vema, pasipo kuelezwa na mtu, maana ya namba ya mtu kuwa mikononi mwa watu mia tano asiowajua, wengine wao wakiwa na tabia ya kupiga simu usiku. Mwenye kujenga na atazame mapengo hayo kama fundi mwashi atazamavyo ufa: hapo ndipo penye kazi yake, na ukuta uliobaki auache kama ulivyo.

Historia ya mitandao hii nayo yafundisha, endapo mtu ataisoma kwa makini badala ya kuishangilia. Tarehe 4 Februari 2004 Mark Zuckerberg alipofungua mtandao wake, huu tuujuao leo kwa jina la Facebook, katika Chuo Kikuu cha Harvard, hakuufungulia ulimwengu. Aliufungulia chuo kimoja, na hakuna aliyeweza kuingia pasipo anwani ya barua pepe ya chuo hicho. Katika mwezi wa kwanza zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wa pale walikuwa wamejiandikisha, na sababu yake si uchawi. Kila aliyeingia aliwakuta watu aliokula nao mchana ule. Baadaye ndipo ukapelekwa Columbia, Stanford na Yale, kisha vyuo vingine, na haikuwa mpaka Septemba 2006 ndipo mlango ulipofunguliwa kwa mtu ye yote mwenye umri wa miaka 13 na zaidi na anwani ya barua pepe. Mfano ulio karibu nasi zaidi, na ambao nashangaa kuona hautajwi sana, ni ule wa 2go, uliozaliwa mwaka 2007 mikononi mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kwa muradi mdogo kabisa: wanafunzi wapate kuonyeshana ratiba zao za masomo kwa simu, wajue nani ana nafasi saa ngapi. Kutoka katika ratiba ukakua ukawa mahali pa mazungumzo, na baada ya miaka michache ulikuwa na mamilioni ya watu, wengi wao wakiwa Nigeria, wakiutumia kwa simu ndogo za vitufe ambazo wajenzi wa leo hawazikumbuki tena.

Kwa hiyo anza kwa wembamba. Wanafunzi mia na hamsini wa kozi moja, wanaokaa katika kumbi zile zile na kufanya majaribio siku zile zile, ni hazina kubwa kuliko watu elfu tano waliotawanyika vyuo kumi, kwa kuwa wale mia na hamsini wana la kuambiana kila siku, ilhali wale elfu tano watachungulia, wasione jirani, waondoke. Ninajua kwamba ushauri huu huwaudhi vijana, maana idadi kubwa hupendeza mbele ya wafadhili na waamuzi wa mashindano. Lakini chumba chenye watu kumi kina uchangamfu, na uwanja wa mpira wenye watu kumi ni ukiwa.

Nami napenda kuifikiria kazi hii kwa mfano wa baraza. Katika miji ya pwani, Lamu, Mombasa, Zanzibar na kwingineko, nyumba nyingi za mawe zina kiti cha kujengewa nje ya mlango, na hapo watu hukaa kupitisha jioni, kucheza bao, kunywa kahawa, kuulizana habari za bandarini na za misikitini. Baraza ile iko wazi kwa mpita njia, lakini haiko bila mwenyewe. Iko nyumba nyuma yake, na katika nyumba yuko mtu ambaye jina lake latajwa baraza inapotajwa, na mtu akitukana pale, au akimkashifu mwana wa watu, aibu humrukia mwenye nyumba, naye hutoka akasema neno. Wajenzi wengi wa mitandao wanatamani ule uchangamfu wa baraza, ila kile cheo cha mwenye nyumba hawakitaki. Wanataka kuwa mafundi waliojenga kiti wakaenda zao. Maamuzi yote yanayofuata, tangu uzito wa programu mpaka sharti la majina, yatakuwa mepesi kwa aliyekwisha kukubali moyoni kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, na yatamtesa aliyekataa.

Mwenye nyumba huanza kwa kujua wageni wake wamekuja na nini mkononi. Mwanafunzi wa kwetu aghalabu ana simu ya Android ya bei nafuu, imetumika miaka miwili au mitatu, kioo kina ufa, na nafasi ya kuhifadhia imejaa hata kabla hujamletea programu yako. Majuma mawili kabla ya mitihani yeye hufuta programu moja baada ya nyingine ili apate pa kuweka vitabu na maswali ya miaka iliyopita, na katika mauaji hayo programu kubwa isiyo na haja ya kila siku ndiyo hutangulia. Kampuni ya Facebook yenyewe, pamoja na utajiri wake wote, ililazimika mwaka 2015 kutoa toleo jepesi kwa ajili ya nchi zenye simu na mitandao kama yetu, na toleo hilo lilipotoka halikufika hata megabaiti 1. Sikudai ufike huko. Nakudai upime kila megabaiti unayoiongeza na useme kwa nini imo, na kama sababu yake ni mapambo, uitoe.

Kisha liko suala la bando. Mtu anayenunua kifurushi cha siku moja huhesabu matumizi yake kama mama ntilie anavyohesabu mkaa, na programu inayomnyonya kwa siri, ikipakua picha asizoziomba na video zinazojichezesha zenyewe, kwake ni mwizi. Maneno yatangulie, picha zifuate zikiitwa. Na kabla picha au faili halijapakuliwa, ukubwa wake uandikwe pembeni ili mwenye bando aamue kwa ridhaa yake. Picha inayotumwa ipunguzwe ndani ya simu ya mtumaji kabla ya kusafiri, kwani hakuna tangazo la godoro linalohitaji picha ya megabaiti nne. Simu isiulize seva kila dakika kama kuna jipya. Iulize inapofunguliwa, na ilete yale tu yaliyobadilika tangu mara ya mwisho. Na ratiba, tarehe za mitihani na matangazo ya juma lile lazima vikae ndani ya simu yenyewe, vifunguke hata pale ambapo mtandao haupo kabisa, maana mwanafunzi huitafuta ratiba akiwa ndani ya daladala au katika ngazi za jengo la kale lenye kuta nene. Vivyo hivyo ujumbe ulioandikwa pasipo mtandao usipotee, wala usimtupie mwandishi maneno mekundu ya kumlaumu. Ungoje kwa utulivu, na mtandao ukirudi uende. Sisi katika programu yetu ile iliyokufa tulikuwa na maneno mekundu hayo. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba kila alipoyaona alihisi anagombezwa na mtu aliyemkopesha simu.

Jaribio la hayo yote ni rahisi nalo halina gharama: azima simu mbovu kuliko zote utakazoziona bwenini, weka bando la siku moja, zima mtandao wa chuo, tumia programu yako tangu asubuhi mpaka usiku, na utazame jioni bando limebaki kiasi gani na betri imesalia asilimia ngapi. Fanya hivyo kila unapotoa toleo jipya.

Juu ya lugha nitasema machache. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza na huishi kwa Kiswahili, na programu iwape lugha wanayoishi nayo, lakini kiwe Kiswahili cha watu. Tuliwahi kuandika "wasilisha" juu ya kitufe, tukaona watu wanasita. Tukaandika "tuma", wakatuma.

Sasa nafika mahali penye uzito kuliko pote, napo ni suala la majina. Kila anayejenga mtandao wa wanafunzi hushawishika, mapema au baadaye, kuruhusu watu waandike bila kujulikana, kwa hoja kwamba vijana watapata uhuru wa kusema kweli. Kabla hujakubali, ijue habari hii. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka mingi kabla ya simu za mkononi, palikuwa na mtandao wa kijamii wa ukutani. Ulijulikana kwa jina la Punch, au Mzee Punch: karatasi zenye maandishi na michoro ya dhihaka, zilizobandikwa pasipo jina la mwandishi, na ambazo ziliwaandama hasa wanafunzi wa kike, zikiwatia fedheha kwa mambo ya faragha yao, ya kweli na ya uzushi pamoja. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyeandamwa na watu wa Punch alijitoa uhai. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1987, kilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti juu ya msiba ule, na waliokuwa vyuoni wakati huo wanaukumbuka hata leo. Zana zote za Punch zilikuwa ni karatasi, gundi na giza la usiku. Leo kijana mmoja mwenye simu anao ukuta mrefu kuliko ule, nao hauna mtu anayepita asubuhi kuubandua.

Wamarekani nao walijifunza somo hilo hilo kwa gharama nyingine. Programu ya Yik Yak, iliyoanzishwa mwaka 2013 na vijana wawili waliosoma Chuo Kikuu cha Furman, huko South Carolina, ilimruhusu kila aliye karibu na chuo kuwaandikia walio karibu naye bila jina. Ikaenea vyuoni kwa kasi ya moto wa nyikani, na pamoja na mizaha ikabeba vitisho, matusi ya rangi na uonevu wa kila aina. Walipojaribu kuwalazimisha watu wajiite kwa majina, watu wakawakimbia, na mwaka 2017 ikafungwa, ijapokuwa jina lake lilifufuliwa mwaka 2021. Somo lililomo ni la mpangilio wa kazi: sharti la majina huwekwa siku ya kwanza au haliwekwi kamwe, kwa kuwa umati uliokusanywa na giza hautastahimili taa.

Rai yangu ni hii. Kila anayeingia athibitishwe kuwa ni mwanafunzi, ama kwa anwani ya barua pepe ya chuo, ama kwa namba ya usajili ikishuhudiwa na kiongozi wa darasa lake, njia ambayo pia itakupunguzia gharama ya kutuma meseji ya tarakimu za siri kwa kila mtu, maana meseji hizo hulipiwa moja moja na zaweza kumfilisi mjenzi mdogo. Jina lake la kweli lionekane katika mazungumzo ya darasa na katika soko. Namba yake ya simu isionekane kwa mtu ye yote mpaka yeye mwenyewe aitoe, tena kwa mtu mmoja mmoja. Asiyejuana na mtu asiweze kumwandikia faraghani pasipo kwanza kukubaliwa, na hilo liwe ndiyo hali ya kawaida, lisiwe mpangilio uliofichwa katika ukurasa wa tano ambao ni mafundi tu wanaoufikia. Kama kuna chumba kimoja ambamo mtu aweza kuuliza bila jina, kwa mfano juu ya afya, au hofu ya kufukuzwa masomo kwa kufeli, au huzuni isiyoweza kuambiwa wakazi wa chumba kimoja, chumba hicho kiwepo, lakini maswali yake yapite kwanza mikononi mwa mtu kabla ya kuonekana, na asiruhusiwe mtu kumtaja mtu humo.

Nakiri kwamba kumjua kila mtu ni upanga wenye makali kuwili. Mwenye kujua majina anaweza kuombwa majina, na si kila anayeyaomba huja kwa heri. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na maneno ya ujana yaliyoandikwa kwa hasira yanaweza kumfikisha mwandishi mahali asipopatarajia. Ndiyo maana nasema chukua kidogo uwezavyo na ukitunze kwa muda mfupi uwezavyo. Usiulize dini, kabila wala tarehe ya kuzaliwa kama huvihitaji. Usifuate mwendo wa simu ya mtu. Ujumbe wa faragha ukiisha kufika, hakuna sababu ya nakala yake kulala katika seva yako miaka mitatu. Na kumbuka kwamba tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofanywa sharti nchini, namba ya simu imefungamana na kitambulisho cha taifa, kwa hiyo orodha ya namba iliyoibwa kwako ni funguo za nyumba za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wakusanyaji wa taarifa kujisajili kwa Tume iliyowekwa kwa kazi hiyo. Kenya wanayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Isome sheria ya nchi yako kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu, kwa sababu ni vigumu mno kuitia staha nyumba iliyokwisha kujengwa bila milango. Zuckerberg mwenyewe, miezi michache kabla ya mtandao wake ule mashuhuri, alichukua picha za wanafunzi wenzake pasipo idhini yao ili zilinganishwe nani mzuri kuliko nani. Tovuti aliyoziweka ikafungwa baada ya siku chache, na yeye akaitwa mbele ya wakuu wa chuo kujibu. Kijana wa kwetu atakayefanya vile leo atajibu mbele ya hakimu.

Mwenye nyumba pia sharti awepo nyumbani. Kitufe cha kulalamika kisicho na mtu nyuma yake ni hiana, kwa kuwa kinampa mlalamikaji matumaini ya uongo saa ile anapohitaji msaada wa kweli. Wawekwe watu watatu au wanne wa kupokea malalamiko kwa zamu, wanawake wakiwamo, na picha ya faragha iliyotupwa hadharani iondolewe kwa saa, si kwa siku, ushahidi ukihifadhiwa kwa ajili ya aliyedhulumiwa endapo atataka kushtaki. Ukiona huwezi kupata watu hao wanne kwa wanafunzi mia na hamsini, usiwafungulie elfu.

Kuhusu fedha, kaa mbali nazo mwanzoni. Wanaouziana birika walipane wenyewe, ana kwa ana, kwa noti au kwa simu. Malipo kwa simu yamekuwapo Tanzania tangu M-Pesa ilipoingia mwaka 2008, na hakuna mwanafunzi anayehitaji kufundishwa na wewe. Siku utakaposhika fedha za watu hata kwa saa moja, umeingia katika mambo ya leseni na Benki Kuu. Gharama za seva utazipata kwa matangazo ya wenye vibanda vya nakala, wauza chakula na wenye nyumba za kupangisha karibu na chuo. Usizitafute kwa kuuza taarifa za wageni wako. Na seva ukodishe kwa kadiri ya matumizi, maana kazi yako itakuwa kama bandari ya msimu: siku ya matokeo na siku ya bumu watu watamiminika wote kwa mara moja, na likizo ndefu ikifika hutasikia hata panya.

Liko jambo moja ambalo sijaliona katika daftari la kijana ye yote aliyenijia, nalo ni kuondoka. Mwanafunzi hukaa chuoni miaka mitatu, minne, na wa udaktari mitano, kisha huvaa joho akaenda zake. Na mtandao usiojua hilo utajaa maiti, yaani viongozi wa darasa walio Mwanza kikazi, na matangazo ya vyumba vilivyokwisha kubomolewa. Kila mwaka, kabla ya wageni wapya wa Oktoba au Novemba, programu imwulize kila mtu yuko mwaka wa ngapi, iwahamishe waliohitimu kwenye chumba chao wenyewe, ikabidhi uongozi wa darasa kwa waliochaguliwa, na ifute yaliyopitwa. Aliyehitimu akitaka kufuta yote yake, afute kwa kubonyeza mara mbili, asiandikiane barua na mtu. Na wajenzi nao huhitimu. Nimeona programu nzuri ikifa kwa sababu nenosiri la seva lilikuwa kichwani mwa mtu mmoja aliyepata ajira, na jina la tovuti lilikuwa likilipiwa kwa kadi ya mjomba wake. Mtwaeni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza tangu siku mnayoanza, mmwekee maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha nyepesi, mmwache aiendeshe kwa juma moja nyinyi mkiwa mmekaa kando. Akishindwa, kosa ni la maelekezo.

Wale vijana wangu wawili walirudi baada ya miezi miwili, daftari lile lile mkononi, na katika mambo arobaini na moja walikuwa wamefuta arobaini. Lililobaki lilikuwa ni mabadiliko ya kumbi na saa za masomo, yakiandikwa na CR, yakionekana kwa darasa lake peke yake, yakikaa ndani ya simu hata bila mtandao, na kila msomaji akijibu kwa kubonyeza mara moja kwamba ameona. Mpaka ninapoandika haya, programu yao inatumiwa na darasa moja la wanafunzi mia na thelathini na wawili, na yule binti ameniambia kwamba darasa la pili limeshaomba kuingia mara tatu, nao wamelijibu lingoje mitihani iishe.